Mombasa kwa Kalamu za Wana wa Mvita

Mnamo Januari 1875 manowari za Kiingereza zilitia nanga Mombasa na kuipiga mizinga Fort Jesus, ngome ambayo wenyeji huita Ngomeni. Aliyejifungia ndani alikuwa Muhammad bin Abdallah Bakhashweini, Akida wa Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar, aliyekuwa amemwasi bwana wake. Akida akasalimu amri, akaondolewa mjini. Kwa wakubwa wa Kiingereza habari iliishia hapo: askari ameasi, ngome imepigwa, amani imerudi.

Kwa watu wa Mombasa habari haikuishia hapo. Walijua uhasama wa Akida na liwali wa Mombasa ulivyokua mpaka ukashindwa kusuluhishwa, na walijua nani alikuwa upande wa nani. Zaidi ya yote walikuwa na mashairi, kwa kuwa Mombasa ya karne ya 19 haikugombana bila kutunga. Mwaka 1950 Mbarak Ali Hinawy, aliyekuwa Liwali wa Pwani, alichapisha kitabu kuhusu maisha ya Akida huyo na kutia ndani yake nyimbo na mashairi ya zama zake. Ndani ya kitabu hicho mizinga ya 1875 ina watu nyuma yake na watu mbele yake.

Mombasa haikukosa wa kuiandika. Ibn Battuta aliipitia mwaka 1331 akaeleza ndizi zake, uchaji wa watu wake na misikiti yao ya mbao. Wareno walioichoma mwaka 1505 waliandika juu ya walichokiteka, na ngome waliyoianza mwaka 1593 ikazaa maandishi mengine mengi. Karne ya 19 akaja Mfaransa Charles Guillain, kisha Mjerumani Justus Strandes, aliyetoa mwaka 1899 kitabu kizito kuhusu enzi ya Wareno. Kazi hizi zina thamani kubwa. Hata hivyo, nyingi zinautazama mji kutoka baharini: meli zilizoingia, ngome iliyotekwa, mkataba uliotiwa saini. Mwenyeji akizisoma huona kuta za mji wake, asisikie sauti za waliokaa ndani.

Sauti hizo zilianza kuandikwa na wana wa Mvita, yaani Mombasa, wenyewe. Sheikh Al-Amin bin Ali al-Mazrui, mwanachuoni aliyezaliwa mwaka 1891 na baadaye kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika historia ya Wamazrui waliotawala Mombasa tangu nusu ya kwanza ya karne ya 18 hadi 1837. Humo hukutani na majina ya maliwali peke yake. Unasoma jinsi liwali Muhammad bin Uthman alivyokataa kumtii Ahmad bin Said wa Oman akauawa, na jinsi ndugu yake Ali alivyoponyoka akarudi kuitwaa ngome. Unaona pia kuwa hakuna Mmazrui aliyeweza kutawala bila wazee wa Thenashara Taifa, yaani Thelatha Taifa na Tisa Taifa, ambao ndio wenye mji. Jambo hilo mgeni hulipitia kwa mstari mmoja. Mwenyeji anajua kuwa ndilo mhimili wa habari yote.

Mashairi nayo yakapata watu wake. Muyaka bin Haji, malenga wa enzi ya Wamazrui, alitunga kwa ajili ya baraza na ugomvi wa siku yake. Msikilizaji wake hakuhitaji kuambiwa ni nani anayepigwa kijembe. Miaka hamsini baadaye shairi lile lile lingekuwa fumbo lisilo na mfumbuzi, kama asingekuwapo Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Huyu ndiye aliyemkusanyia mmishonari W. E. Taylor tungo za Muyaka pamoja na visa vilivyozizaa. Diwani ilipochapwa mwaka 1940 jina la mhariri lilikuwa la William Hichens, lakini elimu iliyoifanya isomeke ilitoka vichwani mwa watu wa Mombasa, Hinawy akiwa miongoni mwao. Mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz, naye mwana wa Mombasa, akamrudia Muyaka kwa uchambuzi mpana zaidi.

Mwenyeji anayeandika historia ya mji wake ana deni ambalo mgeni hana. Sheikh Al-Amin aliandika habari za ukoo wake. Hinawy alikalia cheo cha uliwali, kile kile kilichokuwa upande wa pili wa ugomvi wa Akida. Msomaji mwema hawatupi kwa sababu hiyo. Huwasoma akijua wamesimama wapi, kama tunavyomsikiliza mzee wa mtaa huku tukijua nani ni mjomba wake. Mgeni naye ana upande, ila upande wake umefichwa na umbali.

Linalonihuzunisha ni lugha. Sheikh Al-Amin, alipotaka kuwaamsha watu wa mji, aliwaandikia Kiswahili katika magazeti yake, Sahifa ya 1930 na Al-Islah ya 1932. Lakini historia ya Wamazrui aliiandika kwa Kiarabu, na tafsiri iliyotoka mwaka 1995 ilikuwa ya Kiingereza. Hinawy naye alieleza habari za Akida kwa Kiingereza, mashairi ya Kiswahili yakawa kama wageni katika kitabu kilichojengwa kwa ajili yao. Kila mmoja alikuwa na sababu: Kiarabu kilikuwa lugha ya elimu, Kiingereza lugha ya serikali. Matokeo yake ni kwamba muuza kahawa wa mtaa wa Kibokoni, ambaye pengine babu zake wametajwa katika vitabu hivyo, hana njia ya kuvisoma.

Shihabuddin Chiraghdin, mwalimu wa Mombasa aliyefariki mwaka 1976, alionyesha njia nyingine. Historia ya Kiswahili, aliyoiandika pamoja na Mathias Mnyampala ikatoka mwaka 1977, inazungumzia Waswahili kwa Kiswahili, na shahidi wake wa kwanza ni lugha yenyewe.

Njia hiyo ndiyo ya kufuatwa. Vitabu vya Sheikh Al-Amin na Hinawy vinastahili kufasiriwa Kiswahili, vitiwe maelezo na kufikishwa shuleni. Karibu na Ngomeni yapo makaburi ya Wamazrui. Mtoto wa Mji wa Kale huyapita akienda na kurudi. Anastahili kusoma waliolala pale walikuwa nani, kwa maneno yale yale ambayo Muyaka aliwasifia na Mombasa ikawagombania.