Daftari la Hazina na Wasomaji Wake: Kutoka Vugha hadi Ubao wa Kijiji

Lori la karoti linaposhuka kutoka Lushoto, kona za Soni zikishaisha na joto la Mombo likianza kupenya dirishani, kuna karatasi moja ambayo dereva huiweka mahali pa kuifikia haraka: stakabadhi ya ushuru wa mazao. Zamani ilichanwa kwenye kitabu cha HW5, nakala ya kaboni ikabaki kwa mkusanyaji. Siku hizi hutoka kwenye mashine ya POS, nyembamba, na ukiiacha juani mbele ya usukani maandishi yake yanafifia kabla ya kufika Segera. Kule juu ni Halmashauri za Lushoto na Bumbuli. Hapa chini, Mombo, ni Korogwe. Hazina tatu katika safari isiyofika kilomita 50. Bila karatasi ile, mzigo uliolipiwa mlimani unaweza kudaiwa tena bondeni.

Karatasi hiyo ni ukurasa mmoja wa daftari kubwa lililoanza kuandikwa zamani sana katika milima hii. Kwa zaidi ya miaka 100 watu wa Usambara wamefundishwa kulipa, na wachache wao wamepelekwa vyuoni kujifunza kuandika kilicholipwa. Kusoma kilichoandikwa ndilo somo lililochelewa, na ndilo linalonifanya niandike makala haya.

Kabla ya Wajerumani, hazina ya nchi hii ilikuwa Vugha, makao ya mfalme wa ukoo wa Wakilindi, juu kidogo ya Soni. Enzi za Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, ng'ombe, chakula na bidhaa vilipanda Vugha kutoka milimani na hata kutoka maeneo ya karibu na pwani. Hesabu ya vitu hivyo haikuwa na karatasi, lakini ilikuwepo. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichochapwa kwa sehemu na wamisionari wa Magila kuanzia mwaka 1895, anasimulia jinsi Mbegha, mwindaji mgeni aliyeanzisha ukoo huo, alivyopata utawala baada ya kuwagawia watu nyama na kuwaondolea nguruwe mashambani. Washambaa walikuwa na maneno mawili ya kupimia utawala: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mfalme aliyekula kodi na mvua isinyeshe, au njaa ikaingia na ghala la Vugha lisifunguliwe, aliulizwa. Hiyo ndiyo ilikuwa taarifa ya mapato na matumizi ya wakati ule, na kila mwenye jembe aliweza kuisoma.

Karatasi ililetwa na Wajerumani. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba ya shamba, na aliyelipa alipewa cheti. Reli kutoka Tanga ikafika Mombo mwaka 1905. Miaka miwili baadaye, mwaka 1907, wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, ikatoa kadi ambayo wakongwe wa mkonge bado wanaijua kwa jina lake: kipande. Kila mwanamume mzima alitakiwa kufanya kazi siku 30 kwa mwajiri wa Kizungu ndani ya kila miezi minne, na siku hizo ziliwekwa alama kwenye kadi yake. Fikiria: kwa wengi wa babu zetu, kumbukumbu ya kwanza ya hesabu waliyowahi kuishika mkononi ilikuwa ya deni lao wenyewe. Aliyeandika alikuwa mwingine, na maana ya alama ile aliijua yeye zaidi.

Waingereza walikuja na mfumo wa kutawala kupitia machifu. Gavana Donald Cameron alipitisha sheria ya mamlaka za wenyeji mwaka 1926, na kila mamlaka ikawa na hazina yake. Sehemu ya kodi ilirudi kwenye hazina hiyo, pamoja na ada za mahakama na ushuru wa masoko. Kila mwaka yaliandaliwa makisio: mshahara wa chifu, wa makarani na wa matarishi, matengenezo ya njia, zahanati. Karani wa hazina alijifunza kazi mezani, kwa kumwangalia aliyemtangulia, na mwisho wa mwezi bwana shauri alipitia daftari. Ukaguzi ulikuwepo kwa maana hiyo, ila ulielekea juu tu. Mlipa kodi hakuwa na siku ya kusomewa kitu.

Matokeo yake yalionekana jirani, upande wa pili wa bonde la Mkomazi. Miaka ya vita kuu ya pili, hazina ya Upare iliongeza kodi mpya iliyopangwa kwa kadiri ya mali ya mtu, ikapewa jina la kale la Kipare la ushuru wa machifu: mbiru. Walipita wakadiriaji wakihesabu ng'ombe na mashamba, kisha wakatamka kiasi. Januari 1945 maelfu ya Wapare walishuka hadi boma la Same, wakakaa. Hawakuvunja kitu. Walikaa, wakapokezana kuletewa chakula kutoka milimani, wakisema hawaitaki mbiru. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao wakawavaa maofisa. Mwishowe mbiru ikaachwa. Profesa Isaria Kimambo aliandika kisa hiki katika kitabu kidogo mwaka 1971, na kila ninapokisoma huona kwamba mjadala wa pale Same ulikuwa wa bajeti hasa: nani amekadiria, kwa kipimo gani, na fedha zinakwenda wapi. Somo hilo walijifunza wakiwa wamekaa chini kwenye vumbi la boma.

Serikali ya kikoloni nayo ilijifunza, kwa namna yake. Mwaka 1953, mwaka ule ule wa sheria mpya ya serikali za mitaa, ilifunguliwa shule pale Mzumbe, Morogoro, kuwafundisha machifu, madiwani na watumishi wa mamlaka za wenyeji. Hapo ndipo karani kutoka wilayani alipoweza kukaa darasani akafundishwa daftari la fedha, leja na makisio kama taaluma. Mfumo wa kuandika kila muamala mara mbili, upande wa kupokea na upande wa kutoa, ambao Luca Pacioli aliuchapisha Venice mwaka 1494, ulikuwa umefika kwa watu wa hazina za wilaya zetu.

Uhuru ulipokuja, machifu waliondolewa mwaka 1963 na halmashauri za wilaya zikabeba mzigo wote. Mwaka huo huo Chuo cha Ushirika kilifunguliwa Moshi, na kupitia masomo ya barua na vipindi vya redio elimu yake ikawafikia makatibu na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi ambao wasingeweza kamwe kuacha mashamba yao waende bweni. Huu, kwa maoni yangu, ndio ufundishaji bora wa hesabu za umma uliowahi kufanyika nchini, kwa sababu uliwalenga wanachama pamoja na wahasibu wao. Mwanachama aliyejua kusoma mizania alikuwa mtu mgumu kudanganywa.

Kisha ukaja mwaka 1972. Sijui mwaka mwingine wenye mambo mengi kiasi hiki katika historia ya somo hili. Shule ya Mzumbe iliunganishwa na kitengo cha utawala kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikazaliwa taasisi ya usimamizi wa maendeleo, IDM Mzumbe. Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kikaanzishwa Dar es Salaam. Sheria Namba 33 ikaunda bodi ya wahasibu na wakaguzi, NBAA. Nchi ilikuwa imeamua kuwa na wahasibu wake yenyewe. Na mwaka huo huo, kwa mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya vijijini zikafutwa. Zilikuwa zimedhoofika tayari. Kodi yao ya mitaa ilikuwa imeondolewa mwaka 1969, na nyingi zilishindwa kulipa hata mishahara. Lakini pamoja nazo kiliondoka kikao ambamo diwani wa Mombo angeweza kusimama akauliza fedha za barabara zimekwenda wapi. Wahasibu waliongezeka wakati wenye haki ya kuwauliza wakipungua.

Kazi ikahamia kijijini. Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 iliipa serikali ya kijiji mamlaka, na vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976 kijiji chenyewe kikawa ushirika, chenye duka, mashine ya kusaga na mazao ya kuuza. Mara nyingi aliyekabidhiwa kitabu alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba, mwenye mwandiko mzuri. Wengi walijitahidi mno. Wapo waliojikuta na pungufu ambalo hawakuliiba, kwa sababu tu hakuna aliyewaonyesha kwamba mauzo ya mkopo hayaingizwi kama fedha taslimu.

Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi mwaka 1984, na zilirudi na kodi ya maendeleo, ambayo watu waliikimbia porini hadi ilipofutwa mwaka 2003. Upande wa mashirika, Lushoto ilipata miradi mingi ya wafadhili, mmojawapo SECAP wa hifadhi ya udongo ulioanza mwaka 1981. Kila mfadhili alikuja na jedwali lake la bajeti. Sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 2002 sasa inalitaka kila shirika lipeleke kwa Msajili ripoti ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa.

Lakini kama unataka kuona uhasibu wa umma unaoeleweka na kila mtu, nenda kanisani mlimani siku ya Jumapili. Wamisionari wa Bethel walifika Mlalo mwaka 1891, na katika makanisa yaliyotokana nao husikii mahubiri tu. Katika matangazo, mzee wa kanisa husimama na kusoma: sadaka ya Jumapili iliyopita, shilingi kadhaa, ahadi, kadhaa, mnada wa mayai, ndizi na kuku mmoja, kadhaa. Bibi aliyeleta yale mayai yupo, anasikiliza. Misikitini nako, baada ya swala ya Ijumaa, kamati husimama ikasema mchango wa bati umefika wapi na bado kiasi gani. Hakuna anayehitaji kupelekwa chuo ili afuatilie.

Serikalini mambo yamekuwa ya kitaalamu zaidi. Ipo Sheria ya Fedha za Umma ya mwaka 2001, ipo Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008, na ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, hutikisa nchi kila mwaka kwa hati safi na hati zenye mashaka. Mwaka 2017 zahanati na shule zilianza kutumia mfumo wa kihasibu wa FFARS, na fedha zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti zao. Maana yake muuguzi na mwalimu wamekuwa wahasibu. Chukua shule ya msingi ya wanafunzi 600. Ruzuku ya uendeshaji inayofika shuleni ni shilingi 6,000 kwa mtoto kwa mwaka: jumla 3,600,000, sawa na 300,000 kwa mwezi, shilingi 500 kwa kila mtoto. Kwa fedha hizo mwalimu mkuu anunue chaki, achapishe mitihani, akarabati kitasa, kisha aandike hati ya malipo, aambatishe risiti, afanye usuluhisho wa benki. Ameajiriwa kufundisha, na semina ya hesabu aliyoipata pengine ilikuwa ya siku chache. Kamati ya shule iliyo juu yake mara nyingi haikupata hata hiyo.

Nimewahi kukaa kwenye mkutano wa kijiji kimoja mlimani ambako taarifa ilisomwa kwa kasi ya mtangazaji wa mpira: kasma, masurufu, bakaa. Mzee mmoja akanyoosha mkono. "Mwanangu, hiyo bakaa ipo, au iliyobaki ni jina lake?" Watu walicheka, lakini mtendaji alilazimika kurudi kwenye kitabu na kueleza, pole pole, kwa Kishambaa. Dakika kumi zile zilikuwa darasa kamili.

Swali la mzee yule limo hata katika jina la cheo: kiongozi anayebeba dhamana ya fungu la fedha serikalini tunamwita afisa masuuli. Neno hilo asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni mtu anayeulizwa.

Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, kwa hiyo robo ya kwanza hufungwa mwisho wa Septemba. Ushuru wa mazao, tangu mwaka 2017, ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na anayehamisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hadaiwi. Stakabadhi yako ya karoti ipige picha kabla jua la Mombo halijaifuta, uende nayo mkutanoni, uulize imeandikwa ukurasa gani.