Siku ya kwanza kwa mshauri: kazi hii ilitoka wapi



Tangu tuanze kusindikiza watu kwa mshauri wa mambo ya moyo, swali ni lile lile: "Nikifika kule, watanifanya nini?" Wengine wanaongeza: "Mimi si kichaa." Tumeona tujibu kwa historia, sababu sehemu kubwa ya kazi hii ilijaribiwa kwa watu kama sisi.

Mwaka 1996, tulipovuka ziwa na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa kule Kasulu, hakuna aliyetuuliza habari za usingizi. Tuliulizwa familia ina watu wangapi, tukapewa hema, sufuria na unga. Hatulaumu, njaa ilikuwa kali. Lakini usiku ungesikia mtu mzima analia, na asubuhi tunasema ni malaria, ama mapepo. Kumbe jina la ugonjwa ule lilikuwepo. Waganga wa Marekani waliliandika rasmi mwaka 1980, baada ya kuona hali ya askari waliotoka vita ya Vietnam. Sisi lilitufikia kwa kuchelewa, tena kwa Kifaransa: tromatisme.

Baadaye mshauri akafika kambini. Alitusikiliza mara tatu. Ile ya tatu, baadhi yetu tukaanza kusema mambo ambayo hata mume ama mke hajui. Mara ya nne hakuja. Mradi ulikuwa umeisha. Kidonda kimefunguliwa, mwenye bandeji amekwenda.

Kule Uganda wakimbizi walifanya vingine. Wataalamu kutoka Ujerumani walikuwa na njia ya kusimulia maisha yote kwa mfuatano: unatandika kamba chini, unaweka ua penye jambo jema na jiwe penye jambo baya, halafu mnapita jiwe kwa jiwe. Katika kambi ya Nakivale waliofundishwa kuiongoza ni wakimbizi wenyewe, si madaktari. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008, na watu walikuwa wamepata nafuu.

Sisi tulirudi tangu Oktoba 2005, kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka. Tulidhani ndoto mbaya zitabaki ng'ambo. Zilivuka pamoja nasi.

Jaribio kubwa zaidi lilifanyika hapa hapa mashariki ya Kongo, likatangazwa mwaka 2013. Lilihusu kinamama waliopitia ubakaji au kuushuhudia. Katika vijiji 7 walikutana mara moja peke yao na mshauri, kisha mara 11 katika kikundi. Katika vijiji 8 vingine walipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Wengi hawakujua kusoma, basi mazoezi ya kuandika yakageuzwa kuwa ya kukariri kichwani. Washauri walikuwa wasaidizi wa kienyeji, si wanachuo wakubwa. Baada ya miezi sita, waliobaki na huzuni nzito au wasiwasi mkali walikuwa 9 kwa mia upande wa vikundi, na 42 kwa mia upande wa pili. Na vita haikuwa imeisha!

Kwa hiyo, mama, baba, siku ya kwanza utasalimiwa, utaulizwa unalala namna gani, unakula, kama umewahi kuwaza kufa. Jibu kweli, hutafungwa kwa hilo. Mshauri anapaswa kukueleza siri yako inakaa wapi na mtakutana mara ngapi. Asipokueleza, muulize. Hakuna anayeweza kukulazimisha kusimulia yote siku hiyo. Pesa hatoi, na dawa pengine hutapewa kabisa. Wiki za mwanzo ndoto zinaweza kuongezeka. Hapo ndipo wengi wanakimbia, nasi tunawaomba wasikimbie bila kumwambia mshauri. Maombi na mikutano ya kinamama endeleeni nayo, hayagombani na kazi hii.

Wafadhili wetu, mnatuuliza mbona tunaomba nauli ya mara 12 kwa kila mtu, wakati fedha hiyo ingepeleka watu wanne mara tatu tatu. Hesabu yenu ni sawa. Lakini sisi tulishakuwa wale wa mara tatu. Afadhali tuanze na watu wachache mwaka huu, na kila mmoja afike mpaka mara ya mwisho.