Wakfu, Udhamini na Haki ya Kuuliza

Duka la Kariakoo likienda mrama, mwenye duka hujua kabla mwezi haujaisha. Taasisi ya kusaidia yatima ikienda mrama, yatima hajui hata alistahili nini. Mali ya sadaka ina watunzaji, ina wafadhili, lakini wale iliyokusudiwa mara nyingi hawana pa kuidai.

Fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, ililiona hilo mapema. Mfano wake mkuu ni shamba la Khaybar, ambalo Umar bin al-Khattab aliliweka wakfu kwa ushauri wa Mtume: haliuzwi, halirithiwi, halitolewi zawadi, na anayelisimamia anaruhusiwa kula katika mazao yake kwa kadiri inayokubalika, bila kujilimbikizia. Ruhusa hiyo naipenda kwa ukweli wake. Inakubali kwamba msimamizi naye ana tumbo, kisha inamwekea mpaka. Sheria ya Kiingereza ya udhamini, tuliyorithi kwa mkoloni, ilianzia upande mwingine: mdhamini asifaidike kabisa, isipokuwa hati yenyewe imeruhusu. Ni kanuni safi, lakini kwa mfanyabiashara anayeacha biashara yake kuhudhuria vikao, ni kishawishi cha kuficha posho ndani ya gharama za uendeshaji.

Mapokeo hayo yaligongana waziwazi mwanzoni mwa miaka ya 1950, pale mahakama ya rufaa ya makoloni huko London ilipobatilisha wakfu mmoja wa Kenya kwa kuwa uliwanufaisha jamaa kwanza na maskini baadaye sana. Kwa majaji wale hiyo haikuwa sadaka. Kwa mtu wa pwani, maskini wa kwanza ni jamaa yako.

Je, mali ya aina hiyo ikitumiwa vibaya, nani anauliza? Katika wakfu ni kadhi. Zanzibar bado ina makadhi, na ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Tanzania Bara, mahakama za makadhi ziliondolewa katika mfumo wa serikali mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa hiyo msikiti au shule ya Kariakoo husajili wadhamini wake chini ya Sura ya 318 ya sheria za nchi, na mwenye mamlaka ya kuuliza ni Kabidhi Wasii Mkuu, aliyeko RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Huyo huuliza kwa jalada. Mjane wa mtaa wa Gerezani hana njia ya kulifikia jalada hilo.

Kuna wakati mchangaji mwenyewe aliweza kuuliza. East African Muslim Welfare Society, iliyoanzishwa Mombasa mwaka 1945 chini ya Aga Khan, kiongozi wa Waismailia, ilikuwa na utaratibu wa maana: Waislamu wakichanga, yeye aliongeza kiasi kilekile. Aliyetoa nusu yake alikuwa na mdomo wa kuuliza. Lakini mwishoni mwa 1968 chama kilipigwa marufuku kwa amri ya serikali, si kwa kikao cha waliochanga, na mali zake zikaenda BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania. Ubishi juu ya mali hizo ungali hai.

Uwajibikaji ulio hai zaidi hapa Dar es Salaam nauona kwenye vyama vya kufa na kuzikana. Mweka hazina anasoma daftari mbele ya watu, na asiyeridhika anauliza palepale. Udhaifu wake naujua: haya huwafunga vijana midomo mbele ya wazee, na mgeni asiye mwanachama hana kiti.

Hata hivyo, usomaji ule wa daftari ndio ningependa taasisi zetu ziuchukue. Sharika nyingi za Kilutheri tayari husoma kwenye matangazo sadaka ya Jumapili iliyopita. Mara nyingi hayo ni mapato tu. Matumizi nayo yasomwe, na kama ni futari ya Ramadhani, yasomwe mbele ya wapokeaji: magunia mangapi yalinunuliwa, kwa bei gani, kwa nani, na orodha ya majina iliandikwa na nani. Wakaguzi wa hesabu wana kazi yao, waifanye. Lakini aliyepokea kilo tano wakati kumi ziliandikwa ndiye shahidi ambaye hakuna mkaguzi anayeweza kuchukua nafasi yake, na kwa sasa hajaalikwa kikaoni.