Mbwa au Bweha: Hadhari katika Kuipa Majina Mifupa ya Kale ya Nyanza

Mwaka 1861 Ludwig Rütimeyer alipoitangaza kazi yake juu ya wanyama wa vijiji vya kale vya maziwa ya Uswisi, na wataalamu waliomfuata, Studer miongoni mwao mwaka 1901, walipozidi kupanga mafuvu kwa aina na kila aina kwa jina lake la Kilatini, ilithibiti katika elimu hiyo ada ya kuchukua fuvu moja na kulifanya kabila zima la mbwa. Ada hiyo haifai kuigwa katika mwambao wa Nyanza, kwani huku swali la awali si mbwa huyu alikuwa wa aina gani, bali ni je, alikuwa mbwa?

Mbwa mwitu hatutaabishi sana: mguu wake wa mbele una vidole vinne, ilhali wa mbwa wa nyumbani una vitano. Taabu ni bweha, ambaye kwa kimo hukaribiana mno na mbwa mdogo wa kienyeji, na tofauti zao, yaani taya la mbwa kuwa fupi na nene na meno yake kusongamana, huonekana barabara pale tu taya lilipo zima. Nalo taya zima ni nadra. Udongo utokanao na mawe ya matale ya Mwanza una uchachu uulao mfupa, na hata katika mapango kama Nyang'oma, ambayo Soper na Golden waliyaandikia katika jarida la Azania mwaka 1969, kilichozungumzwa zaidi ni vigae vya vyungu vya mtindo uitwao Kansyore. Kanuni za Harcourt za mwaka 1974, zikadiriazo kimo cha mbwa begani kwa urefu wa mifupa ya miguu, zahitaji mfupa usiovunjika. Na aghalabu aliyeuvunja ni mbwa mwenyewe, au fisi.

Tuseme basi mfupa umesalimika. Atazamaye mbwa wa Nyakato, Mwanza, wazururao kando ya barabara ya Musoma ataona warefu na wafupi, wenye pua nyembamba na wenye pua pana, wote wa mtaa mmoja na pengine wa mama mmoja. Mwanafunzi wa Studer angewagawa makabila matatu bila haya. Rangi na masikio, ambavyo ndivyo sisi huwatambulia mbwa, mfupa hauvihifadhi.

Wala kosa hili si dogo. Mwanaakiolojia Peter Mitchell aliuliza mwaka 2015 iwapo maradhi ndiyo yaliyochelewesha mbwa kuenea kusini ya Sahara; taya moja la bweha likiandikwa kuwa la mbwa laweza kuisogeza tarehe ya kufika kwa mbwa nyuma kwa karne nyingi na kuiharibu hoja yote. Kwa hiyo mchimbaji na achapishe kwanza vipimo vyake kwa milimita, kwa utaratibu wa kupima mifupa wa von den Driesch wa mwaka 1976, kando ya vipimo vya bweha wa nchi hii hii, na jina la aina aliache wazi.