Aliyelala Nachingwea Usiku wa Sensa

Karani wa sensa wa Tanzania haanzi na uraia. Anauliza nani alilala katika kaya hii usiku wa kuamkia siku ya kuhesabiwa, anawaandika, kisha uraia unafuata kama swali lingine tu. Kusini, desturi hiyo ilipata mtihani mapema.

Sensa ya kwanza baada ya uhuru ilifanyika Agosti 1967. Vita vya ukombozi vya Msumbiji vilikuwa vinakaribia miaka mitatu. FRELIMO walikuwa na kambi ya mafunzo Nachingwea, kwenye ardhi ya ule mpango wa karanga ulioshindwa wa Waingereza, na wakimbizi waliovuka Ruvuma walikuwa wakilima Rutamba, upande wa Lindi. Wengi walikuwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, watu wenye ndugu ng'ambo zote mbili za mto. Kwa sheria ya 1961, aliyezaliwa Tanganyika na mzazi mzaliwa wa Tanganyika alikuwa raia moja kwa moja. Binamu yake aliyezaliwa Mueda, upande wa Msumbiji, hakuwa. Wakilala nyumba moja, karani aliwaandika wote wawili.

Je, huyo binamu anaongeza kiti bungeni? Kura ni ya raia, Ibara ya 5 ya Katiba inasema hivyo. Lakini mwaka 2025 Tume ya Uchaguzi, ilipotaka kugawa majimbo, ilitaja watu 400,000 kwa jimbo la vijijini na 600,000 kwa la mjini: watu, si wapiga kura. Kijiji kama Nandagala, wilayani Ruangwa, hakiguswi sana na hesabu hiyo. Ruangwa ilimegwa kutoka Nachingwea mwaka 1995, na hakuna hata moja kati ya wilaya hizo inayofika 400,000, ila kila moja ina mbunge wake. Huku mpaka wa wilaya una nguvu kuliko idadi.

Kenya ni tofauti. Ibara ya 89 ya Katiba ya 2010 inagawanya wakazi wote kwa majimbo 290. Kwa sensa ya 2009 ikatoka 133,138 kwa jimbo. Ndiyo maana takwimu za wilaya nane za kaskazini, ikiwamo Lagdera, zilipofutwa na Waziri Wycliffe Oparanya mwaka 2010 kwa madai kwamba zimepanda kupita kiasi, ugomvi ulifika mahakamani. Marekani nayo inahesabu watu wote tangu 1868. Trump alijaribu kuwaondoa wasio na vibali mwaka 2020, Biden akafuta agizo hilo.

Wapinzani wa kuhesabu wote wana hoja: jimbo lenye kambi kubwa ya wakimbizi huipa kura ya raia wake uzito wa ziada. Hata hivyo siafiki kumfuta mtu anayetumia kisima na zahanati ileile. Dawa ni kumfungulia mlango wa uraia. Wakimbizi Warundi wa 1972 waliowekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walipitiwa na sensa nne kabla wengi wao, katika zaidi ya 160,000 waliokubaliwa, hawajashika vyeti vya uraia kuanzia 2014.