Suruali Kubwa (Beijing)
Lakabu ya makao makuu ya shirika la televisheni la taifa la China, jumba la mita 234 lililosanifiwa na Rem Koolhaas na Ole Scheeren, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2004 na kutimia mwaka 2012. Minara yake miwili, iliyoinama na kuunganishwa juu kwa kiungo kilichojitokeza hewani pasi na nguzo, ilikusudiwa kudhihirisha mzunguko usiokatika wa kazi za utangazaji. Lakini raia, walipoitazama kutoka barabarani, waliona kiuno na miguu miwili, na lakabu ikaenea. Dhihaka hiyo haiipunguzii adhama handasa yake, ambayo ni ya ajabu kwelikweli. Hata hivyo, mwaka 2016 serikali ya China ilitoa waraka wa kuzuia majengo ya maumbo ya kioja kama hayo.