Unalala kwa beshte na kasuku wako? Soma hii kwanza

Kubeba kasuku wa kijivu kwa keja ya beshte si kama kubeba chaja. Uliza maswali mapema, juu jibu moja mbaya linaweza kumuua.

Jikoni: Hapa ndio noma. Kikaango cha nonstick kikichomeka hutoa hewa ya sumu. Wewe unaweza kosa kuinotice, lakini ndege anakufa kwa dakika chache. Kama beshte anaishi bedsita, jiko na tundu viko chumba kimoja, so mwambie apikie sufuria ya kawaida. Jiko la makaa, sigara na dawa ya mende pia zikae mbali.

Msosi: Mbebee chakula chake. Avokado na chokoleti ni sumu kwake, hata kipande kidogo.

Usiku: Funika tundu na leso alale. Asubuhi atapiga kelele, so onya beshte na majirani wa ploti.

Kibali: Sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka uwe na kibali cha KWS. Kama hauna, hiyo ni kesi.

Beshte akikataa, usilazimishe. Muachie mtu anamjua.